Plastiki iliyojificha udongoni: Je, makaa na vijidudu vyaweza kutuokoa?

JUMAPILI ya leo, msomaji mpenzi, kabla hujaliweka jarida hili kando na kushughulikia chakula cha mchana, hebu toka nje kidogo uende kwenye lile gunia lako la sukuma wiki. Kama wewe huna, la jirani halikosi. Shika ukingo wake pale juu panapopigwa na jua, kisha uvute kwa vidole viwili.

Kama gunia limekaa juani kwa muda, nyuzi zitabaki mkononi mwako. Usishangae zikivunjika kama majani makavu. Lilipotoka dukani likiwa na mahindi, gunia hilo lilikuwa gumu kiasi cha kubebeshwa kilo 90 bila kunung'unika. Sasa linapukutika lenyewe.

Swali ni hili: zile nyuzi zilizopukutika jana, juzi na mwezi uliopita, zilikwenda wapi?

Jibu liko miguuni pako. Nyingi zimeingia mle mle udongoni ambamo mizizi ya mboga zako hujitafutia chakula. Maana gunia hili si lile la katani walilotumia babu zetu. Limefumwa kwa polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki, na plastiki haina haraka ya kwenda popote.

Kilimo cha magunia kimewafaa wengi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilizisaidia jamaa nyingi za Kibera na Mathare kupanda mboga katika magunia, na hii leo utayaona uani, kwenye veranda na juu ya paa za nyumba katika mitaa mingi ya jiji. Makala haya hayakuja kukuambia uyatupe. Yamekuja kukueleza kilichomo udongoni, mambo ambayo wanasayansi wanajaribu ili kukiondoa, na yale unayoweza kufanya wewe mwenyewe pamoja na watoto wako.

KIPANDE KIMOJA HUZAA ELFU

Ganda la ndizi likitupwa shambani huoza na kuwa mbolea. Plastiki haina tabia hiyo. Ikipigwa na jua hukauka, hupasuka na kugawanyika. Kipande kimoja huwa kumi, kumi huwa elfu. Vile vilivyo chini ya milimita tano huitwa maikroplastiki. Vingine ni vidogo hivi kwamba huwezi kuviona bila hadubini.

Jina hilo lilianza kuvuma mwaka wa 2004 wakati Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha utafiti kuhusu vipande walivyovikuta baharini na katika mchanga wa pwani. Kwa miaka mingi baada ya hapo macho ya watu yalielekezwa baharini. Tuliwahurumia kasa na samaki, tukalisahau shamba.

Ilhali shamba nalo limelishwa plastiki likashiba. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2021, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilieleza kwamba ukulima na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 za bidhaa za plastiki kwa mwaka. Ukitaka kuamini, tembelea shamba lolote la nyanya. Miche hutoka katika vifuko vya polithini. Maji hupitia mabomba ya plastiki. Nyumba ya kukuzia nyanya imeezekwa kwa polithini, kamba ya kuinulia mmea ni ya plastiki, na mbolea ililetwa kwa gunia la plastiki.

Nchini China, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wamekuwa wakitandaza karatasi nyembamba za plastiki juu ya matuta ili kuhifadhi joto na unyevu. Mazao yaliongezeka kweli. Lakini karatasi hizo zilikuwa nyembamba kuliko unywele, zikawa haziwezi kukusanywa baada ya mavuno bila kuraruka. Mabaki yalibaki shambani mwaka baada ya mwaka, hasa katika mashamba ya pamba ya Xinjiang, hadi Wachina wenyewe wakayaita uchafuzi mweupe. Mwaka wa 2018 serikali ya nchi hiyo ilianza kutekeleza kanuni ya kutaka karatasi hizo ziwe na unene usiopungua milimita 0.01, ili zikusanyike.

Sisi wa mjini tunazo njia zetu pia. Kuna samadi na taka za sokoni zinazouzwa kama mbolea zikiwa zimejaa vipande vya nailoni. Kuna matope ya maji taka yanayotiwa mashambani. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: maji ya kufulia. Wakati wa uhaba wa maji, mama mwenye busara hamwagi maji aliyosuuzia nguo, bali huyanyunyizia mboga. Lakini sare za shule, sweta na blanketi nyingi za siku hizi ni za poliesta, nayo poliesta ni plastiki. Kila zinapofuliwa, huachilia nyuzi ndogo ndogo majini.

HASARA YAKE NI IPI?

Pengine utasema, "Basi na ikae humo udongoni, inamdhuru nani?"

Wa kwanza kudhurika ni nyungunyungu, yule kibarua asiyelipwa ambaye hulima shamba usiku na mchana. Mwaka wa 2016, watafiti wa Wageningen nchini Uholanzi waliwapa nyungunyungu majani yaliyochanganywa na chembe za polithini. Wale waliopewa kwa wingi walikufa zaidi, na walionusurika walikua polepole.

Udongo wenyewe pia hubadilika. Mwaka wa 2019, watafiti wa Berlin, Ujerumani, walipanda vitunguu vya majani katika udongo uliotiwa aina mbalimbali za chembe za plastiki. Waliona kwamba uwezo wa udongo kushika maji ulibadilika, na hata mizizi na majani ya vitunguu hayakukua kama kawaida.

Mwaka uliofuata, watafiti wa China walionyesha kwamba chembe ndogo mno za plastiki zaweza kuingia ndani ya mimea ya ngano na letasi kupitia nyufa ndogo zinazotokea mahali mizizi michanga inapochipuka. Na mwaka wa 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 waliojitolea. Katika damu ya watu 17 kati yao walikuta plastiki.

Usitishike ukaacha kula mboga. Faida ya sukuma wiki mwilini ni kubwa na inajulikana. Lakini mtu mwenye busara akisikia nyufa katika ukuta hangoji nyumba ianguke.

VIJIDUDU VINAVYOLA PLASTIKI

Sasa tuje kwenye habari njema. Katika udongo wa bustani yako mna bakteria na kuvu wasiohesabika. Hao ndio wanaoozesha majani, mifupa na mizoga. Je, hawawezi kuozesha plastiki pia?

Ili kujibu swali hili, kwanza tuone jinsi bakteria anavyokula. Hana mdomo wala meno. Yeye hutoa nje ya mwili wake kimeng'enya, yaani kemikali inayokata chakula vipande vipande, kisha akavifyonza vile vipande vidogo. Ni kama mtu anayekata ugali matonge kabla ya kuupeleka kinywani. Tatizo la plastiki ni kwamba ni ugali uliokauka kama jiwe.

Plastiki yote ni minyororo mirefu sana, lakini pingili zake hazifanani. Ile ya chupa za soda na maji, iitwayo PET, ina viungo ambavyo kimeng'enya chaweza kuvishika na kuvikata. Mwaka wa 2016, Shosuke Yoshida na wenzake huko Japani walitangaza kwamba katika mji wa Sakai, mahali chupa hizo zinapotengenezwa upya, wamepata bakteria anayezila. Walimpa jina Ideonella sakaiensis. Katika maabara yenye joto la nyuzi 30, bakteria huyo alikaribia kukimaliza kipande chembamba cha PET kwa muda wa wiki sita.

Polithini na polipropilini, yaani mifuko na magunia yetu, ni habari nyingine. Minyororo yake ni kaboni iliyoshikamana na kaboni mwanzo hadi mwisho, kana kwamba imechomelewa na fundi stadi. Hakuna pahali pepesi pa kuanzia. Jua lapaswa kuidhoofisha kwanza, na chini ya udongo hakuna jua. Hii ndiyo sababu plastiki iliyofukiwa hudumu kuliko ile iliyotupwa juu ya ardhi.

Jambo hili lilithibitishwa na Wajapani wengine. Mwaka wa 1995 walichapisha matokeo ya kufukua plastiki iliyokuwa imezikwa udongoni kwa zaidi ya miaka 32. Karatasi nyembamba ya polithini ilikuwa imeanza kuharibika pale ilipogusana na udongo. Polistirini na PVC hazikuonyesha dalili yoyote ya kuoza. Miaka 32, msomaji! Mtoto aliyezaliwa siku zilipozikwa angekuwa na watoto wake shuleni siku zilipofukuliwa.

Hapa kwetu pia utafiti unaendelea. Mwaka wa 2024, wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoko Kasarani jijini Nairobi, walieleza kuhusu mabuu wa mbawakawa fulani mdogo anayependa kuishi katika vyumba vya kuku. Mabuu hao waliweza kula polistirini, ule ugumu mweupe mwepesi unaofungiwa televisheni na vyakula. Kazi hiyo husaidiwa na bakteria walio tumboni mwao. Katika jaribio la takriban mwezi mmoja, waliolishwa polistirini pamoja na pumba walivunjavunja asilimia 11.7 ya polistirini waliyopewa.

Angalia neno hilo: pamoja na pumba. Waliopewa polistirini tupu hawakustawi kama wale waliochanganyiwa. Hapa pana funzo kubwa. Plastiki ina kaboni, lakini haina naitrojeni wala madini ambayo kiumbe huhitaji ili kujenga mwili. Kibarua asiyelishwa hawezi kazi. Ukitaka vijidudu vya udongoni viishughulikie plastiki, sharti uvipe nyumba, maji, hewa na chakula cha kweli. Na hapo ndipo makaa yanapoingia.

NYUMBA YA VYUMBA ELFU

Ukichoma magunzi ya mahindi kwa moto wa wazi, utabaki na jivu. Lakini ukiyachoma mahali hewa haifiki vizuri, kwa joto la nyuzi 350 hadi 700 hivi, utapata makaa mepesi meusi. Makaa ya aina hiyo yakitengenezwa kwa ajili ya kutiwa udongoni huitwa bayocha.

Jambo hili si geni duniani. Katika bonde la mto Amazon, nchini Brazil, kuna sehemu zenye udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu, zikiwa katikati ya ardhi iliyo duni. Wenyeji wa kale walikuwa wakichanganya makaa, mifupa, mabaki ya chakula na vigae. Baadhi ya udongo huo una umri wa zaidi ya miaka 2,000 na bado unazaa.

Na hapa Kenya? Katika majaribio yaliyoanza mwaka wa 2006 katika sehemu zenye mvua ya kutosha, bayocha ilitiwa mwanzoni tu, kisha mahindi na soya vikapandwa kwa zamu kwa miaka kumi. Mavuno ya mahindi yaliongezeka kwa wastani wa zaidi ya tani moja kwa hekta kila msimu, na yakaendelea hivyo hata miaka mingi baadaye. Aidha, huko Kwale, Siaya na Embu, watafiti waliwapa wakulima majiko yanayopika chakula huku yakibakisha makaa ya kutia shambani.

Ukitazama kipande cha bayocha kwa hadubini, utaona vishimo vingi ajabu, kana kwamba ni jengo la ghorofa lenye vyumba elfu. Humo maji hukaa, hewa hupita na bakteria hupata makao salama. Isitoshe, makaa hunasa baadhi ya kemikali zinazovuja kutoka katika plastiki, na hupunguza ukali wa udongo wenye asidi. Tena hunasa chembe zenyewe. Katika utafiti wa mwaka wa 2020, machujio ya bayocha yalizuia zaidi ya asilimia 95 ya chembe za plastiki majini, ilhali mchanga mtupu ulizuia kati ya asilimia 60 na 80.

Lakini tuelewane vizuri hapa. Makaa hayali plastiki. Makaa ni nyumba, na wapangaji ndio wafanyakazi. Ukitia makaa makavu matupu katika udongo uliochoka, umejenga ghorofa jangwani. Zaidi ya hayo, makaa hayo mapya huweza kunyonya naitrojeni na kuinyima mimea yako kwa muda, mboga zikawa manjano na wewe ukabaki ukiulaumu utaalamu wa gazeti.

JOTO LA LUNDO

Mahali ambapo kazi hii imeonyesha dalili nzuri zaidi ni katika lundo la mboji lenye joto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020, Wachina walirundika matope ya maji taka kwa wingi na kuyaozesha kwa msaada wa bakteria wanaopenda joto kali linaloweza kupita nyuzi 70. Baada ya siku 45, asilimia 43.7 ya maikroplastiki ilikuwa imetoweka.

Joto hulainisha ile minyororo, nao bakteria wa joto hufanya kazi kwa kasi. Lundo lako la nyumbani, likiwa kubwa na likigeuzwa vizuri, laweza kufika nyuzi 55 hadi 65. Kwa hivyo usitarajie miujiza ya Wachina hao. Na hata wao, zaidi ya nusu ya plastiki iliwabakia.

Basi akija mtu mlangoni pako na chupa ya maji yenye povu akidai ina bakteria wa kumaliza plastiki yote shambani kwa wiki mbili, mpe kiti, mpe chai, lakini usimpe pesa. Vijidudu hufanya kazi kwa mtindo wa bandu bandu huisha gogo, na gogo hili ni kubwa.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Wewe mwanafunzi, huna haja ya maabara ya chuo kikuu kuona plastiki iliyo udongoni. Chukua kikombe kimoja cha udongo kutoka kwenye gunia, uanike hadi ukauke, kisha uutie katika mtungi wa kioo. Usitumie chombo cha plastiki, la sivyo utajipima mwenyewe. Chukua maji ya vuguvugu lita moja, utie chumvi ya jikoni huku ukikoroga mpaka chumvi ikatae kuyeyuka. Itakuwa takriban gramu 360. Mimina maji hayo juu ya udongo, koroga kwa kijiko cha chuma, funika kwa sahani na uache hadi kesho yake.

Udongo utazama. Polithini, polipropilini na polistirini zitaelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji ya chumvi. Zile nzito kama PET na PVC zitabaki chini, kwa hivyo utakachokiona si chote kilichomo. Chota vinavyoelea, uvichuje kwa kitambaa cheupe cha pamba na uvitazame kwa kioo cha kukuzia.

Utakuta vijiti na mizizi pia. Utatofautishaje? Mwombe mzazi apashe moto ncha ya sindano na kukigusisha kila kipande. Plastiki itajikunja na kuyeyuka, ilhali kijiti kitabadilika rangi tu. Hesabu vya plastiki na uandike idadi katika daftari. Rudia kila muhula uone kama vinaongezeka au vinapungua. Tahadhari moja tu: yale maji ya chumvi usiyamwage kwenye mboga, yataziua.

JINSI YA KUTENGENEZA BAYOCHA NYUMBANI

Tafuta mkebe mkubwa wa bati wenye kifuniko kinachobana, kama ule wa maziwa ya unga. Toboa tundu moja dogo kwenye kifuniko kwa msumari. Jaza mkebe kwa magunzi makavu yaliyovunjwa, maganda ya njugu au vijiti. Usikate mti wowote kwa ajili hii, na usitie plastiki wala mbao zilizopakwa rangi.

Funga, kisha uweke mkebe katikati ya moto wa kuni nje ya nyumba. Usifanye hivyo ndani hata kidogo, kwani moshi huo una hewa inayoua. Utaona moshi ukitoka tunduni na kushika moto. Mwali huo unapozimika, kwa kawaida baada ya saa moja hivi, bayocha yako iko tayari. Toa mkebe motoni, na usiufungue ukiwa na moto, la sivyo makaa yatawaka na kugeuka jivu. Uache upoe kabisa.

Mwagia makaa maji kidogo ili vumbi lisikuingie puani, kisha uyaponde hadi yawe kama punje za mahindi na ndogo zaidi. Sasa wape wapangaji nyumba yao: changanya sehemu moja ya bayocha na sehemu kumi za mboji yenye unyevu, funika, na ugeuze kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja. Baada ya hapo mchanganyiko huo waweza kuutia katika udongo wa mboga zako.

USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA

Mambo hayo yote, msomaji, hayatafaa kitu ikiwa unatoa plastiki kwa kijiko huku ukiiongeza kwa sepetu. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Agosti 28, 2017, na adhabu yake yaweza kufika faini ya Sh4 milioni au kifungo cha miaka minne. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu udhibiti wa taka nayo inataka kila nyumba itenganishe taka zinazooza na zile zisizooza. Wengi huiona sheria hii kama usumbufu. Lakini ganda la viazi lisilochanganyika na karatasi ya mkate ndilo mboji safi ya kesho, na mboji safi ndiyo sukuma wiki safi ya kesho kutwa.

Kwa hivyo anza na haya. Kwanza, weka ndoo mbili jikoni leo hii, na umpe mtoto mmoja kazi ya kuzilinda. Pili, unaponunua samadi, ichambue juu ya bati kabla ya kuitia udongoni, na muuzaji akikuletea mbolea yenye nailoni, irudishe. Akirudishiwa mara tatu atajifunza. Tatu, maji ya kufulia nguo za poliesta yachuje kwa kitambaa kizito cha pamba kabla ya kunyunyizia mboga. Hutanasa nyuzi zote, lakini utapunguza. Nne, plastiki usiichome uani. Moshi wake ni mbaya, na masalio yake huishia udongoni vile vile.

Tano, lile gunia. Usingoje lipukutike. Liweke mahali ambapo mboga hupata jua lakini kuta za gunia zimekingwa, au lifunike ubavuni kwa kitambaa kikuukuu cha pamba. Linapoanza kuachia nyuzi, hamisha udongo wako polepole hadi katika gunia la katani, chungu cha udongo au kisanduku cha matofali. Gunia la katani litaoza, ndiyo, na utalazimika kununua jingine. Lakini litaoza likawa chakula cha mboga zako. La plastiki litapukutika likawa mzigo kwa wajukuu.

Vijidudu tunavyo, na makaa twaweza kuyatengeneza. Wanasayansi wa Kasarani, Japani na China wanatuonyesha kwamba mlango upo, hata kama ni mwembamba. Kilichobaki ni sisi kuacha kuwaongezea kazi wale vibarua wa udongoni wasiolalamika wala kugoma.

Sasa waweza kurudi kwenye chakula chako cha mchana. Lakini zile nyuzi ulizozivuta mwanzoni mwa makala haya, bado zi mkononi mwako? Usizitupe chini. Zitie katika ile ndoo ya vitu visivyooza.